Maranda mabichi ni maji yanayolipiwa nauli

Ukizunguka vijiji vya Mufindi, kila palipofungwa dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia magogo, pana lundo la maranda na mabanzi. Mengine yana miaka: juu yamekuwa meusi, ukichimba kidogo yanafuka joto, na masika yakianza yanaserereka hadi kijitoni. Mwenye mashine anaona ni kero tupu. Anayetaka kutengeneza mkaa mbadala, yaani mabaki kama maranda yaliyoshindiliwa yachomwe badala ya mkaa wa miti, anaona ni mali ya bure. Kwa uzoefu wetu, wote wawili wamekosea hesabu.

Soko lipo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeshaagizwa kuachana na kuni na mkaa wa miti. Mkuu wa shule anayehamia mkaa mbadala hataki kuupata wiki tatu kisha ukapotea. Tatizo basi ni ugavi, na ugavi huku kwetu unaanzia kwenye maji.

Msindano (mpaini) uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Lori likipakia tani 10 za maranda mabichi, tani 5 hivi ni maji, nawe umeyalipia dizeli, kuli na ushuru. Maranda hayohayo yakikaushwa hadi maji yabaki asilimia 15, lori la tani 10 linabeba tani 8 na nusu za mbao halisi. Tena mashine ya kushindilia inataka maranda yenye maji kati ya asilimia 10 na 15 hivi. Yakizidi, kinachotoka kinapasuka na kumeguka kabla hakijafika jikoni.

Kwa hiyo acheni kununuziana kwa lori. Nunueni kwa uzito mkavu. Kipimo chake si kigumu: chota maranda sehemu mbalimbali za lundo, hasa ndani, uyachanganye na upime kilo 1. Yakaushe kwenye oveni yenye nyuzi joto 105 mpaka uzito usishuke tena. Yakibaki gramu 520, maji yalikuwa asilimia 48. Bei ifuate hizo 520. Muuzaji akijua kwamba maji hayalipwi, atayafunika maranda yake mwenyewe bila kusukumwa.

Kukausha nako kuna majira. Juni hadi Oktoba jua na upepo wa nyanda za juu hufanya kazi bure: tandaza kwenye turubai au sakafu ya saruji, unene wa vidole vinne, geuza mara kadhaa kwa siku. Novemba mpaka Aprili sahau. Ndiyo maana huwa nawashauri vikundi vinavyotengeneza mkaa mbadala, na wengi hawapendi kusikia, wajenge kwanza banda la mabati lililo wazi pembeni, mashine ya pili ifuate baadaye.

Mbarali, kwa wakulima wa mpunga mkoani Mbeya, hali ni kinyume. Maganda ya mpunga, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga unaokobolewa, hutoka mashineni yakiwa makavu. Shida yake ni wepesi: lori linajaa mpaka juu kabla uzito haujafika popote. Kuyasafirisha yakiwa huru kutoka Ubaruku hadi Iringa ni kusafirisha hewa. Yashindiliwe hapohapo kinuni. Majivu yake pia ni mengi, karibu asilimia 20, na silika iliyomo, madini kama ya mchanga, huganda kwenye majiko yasiyotengenezwa kwa ajili yake. Na tusijifanye kwamba hayana mwenyewe. Wachoma matofali wameyategemea muda mrefu, na mradi unaokuja kuyakomba yote utawarudisha msituni kutafuta kuni.

Kwenye shamba la miti nako kuna mpaka. Mti ukishaangushwa, chukua gogo na matawi manene, lakini sindano na vijiti viache chini. Ndivyo vyenye rutuba nyingi kwa kila kilo, na udongo wa Mufindi na Njombe, wenye tindikali, hauna akiba ya kuchezea. Majivu safi ya mbao yakirudishwa hupunguza tindikali hiyo na kurudisha kalsiamu na potasiamu. Naitrojeni hapana, hiyo imeshapotelea hewani.

Nimesema majivu safi. Mafinga na Njombe kuna viwanda vya nguzo za umeme, na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza huishia kwenye rundo moja na mabanzi ya kawaida. Kundi moja la dawa hizo lina shaba, kromiamu na aseniki. Ukivichoma, sehemu ya aseniki inatoka na moshi na iliyobaki inakaa kwenye majivu, ambayo mtu atayamwaga kwenye bustani ya mboga. Mnunuzi akikuta kipande chenye rangi ya kijani kibichi, au cheusi chenye harufu ya lami, ana haki ya kukataa mzigo mzima, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba kabla lori la kwanza halijapakiwa.