“Si ni hapa tu mjini?” na mengine ninayoyasikia kila Jumamosi

Jumamosi iliyopita nilimpata tena. Safari hii alikuwa kijana mwenye raba nyeupe zilizotoka dukani jana yake, simu mkononi, mgongoni hana kitu. Nilipomuuliza maji yako wapi, alicheka. “Kiongozi, si ni hapa tu mjini?” Ilipofika saa sita mchana alikuwa ameketi juu ya gogo ndani ya msitu wa Karura, viatu kavua, anayatazama malengelenge yake kama mtu aliyeletewa bili ya meza ya jirani.

Njia ninayoizungumzia haina jina rasmi wala vibao vya kuiunganisha. Tunaiunga sisi waongozaji wenyewe. Naanzia bustani ya miti ya Arboretum, nashuka mpaka Museum Hill na bustani ya Michuki kando ya Mto Nairobi, napanda Parklands hadi City Park, kisha Limuru Road mpaka Gigiri, naingia Karura, napita maporomoko ya maji na kutokea Kiambu Road. Kwa mizunguko yangu ni karibu kilomita 20. Watu wanaifurahia, nami naipenda. Ila kuna maneno ambayo nimechoka kuyajibu mmoja mmoja, basi leo nayajibu kwa jumla.

“Ni mjini tu, haiwezi kuwa ngumu kama mlima”

Hili ndilo baba yao. Anayekwenda kupanda Mlima Longonot hufunga mkoba tangu Ijumaa, lakini yule yule akija kutembea Nairobi huja kama anayekwenda kununua maziwa.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mito ya Nairobi inatoka kwenye miinuko ya Kikuyu na Limuru na kuteremka kuelekea mashariki, na kila mmoja umejichimbia bonde lake: Kirichwa, Nairobi wenyewe, Mathari, Gitathuru, Karura, Ruaka. Sisi tunatoka kusini kwenda kaskazini. Kwa hiyo hatutelezi na bonde moja kwa raha zetu, tunayakata moja baada ya jingine, shuka panda, shuka panda. Ukiwa ndani ya matatu huyasikii, kwa sababu dereva anabadilisha gia tu na safari inaendelea. Siku ya kutembea, gia ni goti lako. Na haya yote yanafanyika kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgeni aliyeshuka treni ya SGR jana jioni kutoka Mombasa hulijua hilo kabla hatujafika Parklands, hata kama ni mtu wa mazoezi kila siku ufukweni.

Halafu kuna suala la unachokanyaga. Mlimani kila hatua ni tofauti: jiwe, mzizi, udongo, jiwe tena. Mguu unageuka kidogo kila mara na mzigo unagawanyika. Kwenye lami na matofali ya kando ya barabara, hatua ya kwanza na hatua ya elfu ishirini ni ile ile, na soli inasugua pale pale. Joto linajikusanya sehemu moja ya kisigino mpaka ngozi inaachia. Ndiyo maana nimeona watu waliopanda Mlima Kenya bila jeraha wakilia kwenye mteremko wa kawaida kabisa. Raba mpya zinakamilisha kazi.

Hapa ndipo wateja wangu wa siku nyingi huanza kuniigiza kwa sauti, kwa sababu wanajua kinachofuata: soksi. Ndiyo, soksi! Zile za pamba tupu hunyonya jasho na kulikumbatia. Chukua za sufi au za mchanganyiko unaokauka upesi, na uje na jozi mbili. Ya pili utaivaa City Park. Usiniambie miguu yako iko sawa, kwa maana tunabadilisha wakati iko sawa, ikishauma umechelewa. Kata kucha siku mbili kabla, maana kwenye mteremko kidole gumba kinagonga mbele ya kiatu mara maelfu. Paka mafuta ya mgando kisiginoni na kati ya vidole. Ukishahisi pamoto mahali fulani, sema hapo hapo. Hakuna atakayekucheka isipokuwa yule ambaye zamu yake haijafika.

Tunapumzika City Park si mbali na alipozikwa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, jirani na makaburi alimolazwa rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965. Wengi huwa hawajui kwamba wawili hao wapo pale. Nusu saa ya soksi imewafundisha watu historia zaidi kuliko nilivyotarajia.

Sasa maji. “Nitanunua njiani” ni mtoto wa dhana hii hii. Kutoka City Park kwenda Gigiri unapita kuta ndefu za Muthaiga na malango ya balozi. Vibanda ni vya kuhesabu, na duka unaloliona kwenye simu huenda liko ng’ambo ya barabara usiyoweza kuivuka. Ukibahatika kupata, utauziwa chupa ya plastiki ya kutumika mara moja, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa hizo zimepigwa marufuku kwenye misitu na maeneo yote ya hifadhi Kenya. Nimesimama langoni mara nyingi nikimtazama mtu akigugumia lita nzima kwa dakika mbili ili asiitupe. Dakika ishirini baadaye anatafuta choo. Njoo na chupa yako ya kudumu. Mimi hupiga hesabu ya nusu lita kwa saa, zaidi jua likiwa kali, na nywa kidogo kidogo. Chakula nacho kisiwe chai na mandazi mawili ya saa kumi na mbili asubuhi pekee: beba nduma au viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi, njugu zenye chumvi.

“Basi nikichoka nitapanda boda.” Ndani ya Karura? Boda haiingii. Ukiishiwa nguvu kule kwenye maporomoko, utatoka kwa miguu ile ile iliyokufikisha. Mjini kuna njia nyingi za kuiacha safari, kweli, lakini zote ziko barabarani, na watu huishiwa nguvu msituni.

“Msituni ndiko kwenye hatari”

Wazee wana haki ya kusema hivi. Kulikuwa na miaka ambapo kuingia Karura peke yako ulikuwa ujinga, na kabla ya hapo kulikuwa na miaka ambapo msitu wenyewe ulikuwa unagawanywa viwanja. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na walinzi pale walipokwenda kupanda miti. Baadaye KFS, shirika la serikali la misitu, na jumuiya ya Friends of Karura wakazungusha uzio wa umeme, wakaweka askari wa doria, na vijana wa vijiji vya jirani wakapata kazi mle ndani. Leo naona kina mama wanakimbia peke yao asubuhi.

Kinachonitoa jasho mimi ni barabara. Miongoni mwa wanaokufa kwenye ajali za barabarani nchini, kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Mzunguko wa Museum Hill, kona za Limuru Road, bodaboda inayopanda njia ya waendao kwa miguu ikikutokea nyuma bila hata kupiga honi: hapo ndipo nawapanga mstari mmoja na kuwakataza vipokea sauti masikioni. Mtu akininunia kwa hilo, na anune.

“Kima wana njaa, kuwapa ndizi ni wema”

Hawana njaa. Wana tabia mbaya, na mwalimu wao ni wewe. Kima wa City Park wamejifunza kuwa binadamu ni sahani, na mtoto mwenye biskuti ndiye sahani iliyo karibu. Mbega wa Karura, wale weusi kwa weupe walioletwa kutoka kwingine ili warudishwe msituni, wako juu wanakula majani yao na hawamwombi mtu. Linganisha.

Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina lisikudanganye, mnyama yeyote mwenye kunyonyesha anaweza kuubeba ugonjwa huo. Mteja mmoja alinijibu kwamba amepaka spiriti, inatosha. Nilimpandisha gari mwenyewe.

“Wanaukata msitu wa asili!”

Hii huja na hasira, picha zikiwa tayari zimepigwa za kutuma. Tunapita mahali mikaratusi imelazwa chini, na kundi zima linanigeukia kana kwamba shoka ni langu.

Mkaratusi ni mgeni kutoka Australia. Reli ilipofika Nairobi, injini zilikuwa zinakula kuni, na wakoloni wakahitaji mti unaoota haraka. Arboretum tuliyoanzia asubuhi ilianzishwa mwaka 1907 kwa kazi hiyo hasa, kujaribu miti ya kigeni ipi inaikubali ardhi hii. Baadaye sehemu kubwa za Karura zikapandwa mikaratusi ya kuni. Kwa hiyo safari yetu inaanzia kwenye kitalu na kuishia kwenye shamba lake, ingawa leo kote tunaita “asili”. Kuuondoa mkaratusi na kurudisha miti ya asili kama muhugu, mukinduri na mutamaiyu ni ukarabati. Inachukua miaka, na katikati pana sura mbaya, kama nyumba iliyovuliwa paa.

Simtetei kila mwenye msumeno. Uliza kibali kiko wapi, ni haki yako, na Karura ilinusurika kwa sababu kuna waliouliza. Ila jifunze kwanza kuutambua mti. Ukiona gome linabanduka kwa vipande virefu na chini ya mti hakuoti kitu cha maana, punguza machozi.

Mengine, kwa haraka

“Leo kuna mawingu, jua halichomi.” Tuko karibu na ikweta na tuko juu, miale inayounguza ngozi huongezeka nguvu kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na wingu jepesi haliizuii. Julai, mwezi wa masweta, ndio huniletea shingo zilizoungua. Kofia pana, basi.

“Kwenye ramani ni kijani, tupite katikati.” Kijani kile ni uwanja wa gofu. Kile kingine kimepakana na Ikulu. Ramani ya simu haijui tofauti kati ya bustani ya umma na nyasi za mtu, lakini mlinzi wa getini anaijua.

“Siku nyingine tuunganishe mpaka Nairobi National Park.” Hifadhi hiyo ya mwaka 1946 ina kilomita za mraba 117 na simba ndani yake. Watu hushuka kwenye gari sehemu chache tu zilizotengwa. Ukitaka miguu upande ule kuna Nairobi Safari Walk, au uende msitu wa Oloolua.

“Mvua ilinyesha usiku, asubuhi ni sawa.” Udongo mwekundu wa Karura haujapata habari hiyo. Kati ya Machi na Mei, kiatu chenye soli iliyolika ni tiketi ya kushuka mteremko kwa makalio.

“Bado kuna mwanga.” Hili ni la wanaotaka tuanze saa nne kwa sababu walilala wamechelewa. Hapa kwetu jua hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na giza halibishi hodi. Chini ya miti linatangulia. Malango ya Karura hufungwa jioni, nami nataka kundi langu liwe Kiambu Road kabla ya saa tisa, watu wakinywa chai. Ukija siku yako bila mimi, kila njia panda mle msituni ina kigingi chenye namba. Isome unapopita, hata kama hujapotea. Mwezi juzi nilipigiwa simu saa kumi na moja na nusu na mtu ambaye betri yake ilikuwa inakata. Nilimuuliza yuko wapi, akasema, “Niko kwenye miti.”