Kupima Mti Mkubwa: Mita Sita za Uongo

Rekodi nyingi za miti mirefu huporomoka zikipimwa upya, na mara nyingi kosa ni lilelile. Mpimaji husimama mita 30 kutoka kwenye shina, hulenga kilele kwa kipimapembe, kisha huzidisha tanjenti ya pembe kwa 30. Hesabu hiyo hudhani kilele kiko wima juu ya shina. Kikiwa kimeinama mita 5 kuja upande wako, nacho kiko mita 30 juu ya jicho, pembe itakuwa kama nyuzi 50 na jibu litakuwa mita 36. Sita hazipo.

Dawa ni kipimaumbali cha leza. Pima umbali wa mshazari hadi kileleni, uzidishe kwa saini ya pembe: bonyeza sin, si tan. Fanya vivyo hivyo kwa kitako cha shina, kisha jumlisha. Kitako kikiwa juu ya jicho lako, toa. Zunguka mti kwanza, maana tawi la karibu hujifanya kilele.

Mzingo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Gawa kwa 3.14 upate kipenyo: sentimita 628 ni mti wa mita mbili. Mizizi bapa, ile inayotokeza kama kuta kando ya shina, ikipita kimo hicho, pima nusu mita juu ya inapoishia na uandike kimo ulichotumia. Mashina mawili yaliyogandana ni miti miwili, hata yakipendeza vipi kwenye orodha.

Kutafuta, anza na mabonde yenye unyevu yaliyokingwa na upepo. Mti wa mita 81.5, mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, uko kwenye bonde la Kilimanjaro. Ramani za leza za angani husaidia, ila kwenye mteremko mkali tawi lililoning'inia juu ya korongo huhesabiwa kuanzia chini ya korongo.

Ukishaupata, koordineti kaa nazo. Mizizi inayonyonya maji iko karibu na uso wa udongo na huenea nje ya kivuli. Miguu ya wageni huushindilia udongo hadi hewa na maji havipiti. Hyperion, mti wa aina ya redwood huko California, Marekani, wenye zaidi ya mita 115, ulifungiwa wageni mwaka 2022: faini hadi dola 5,000, kifungo hadi miezi sita. Na pango la shina usilizibe kwa saruji. Saruji hunasa unyevu, na uozo huendelea bila kuonekana.