"Hata wale wa MotoGP walianza na miaka minne": umri katika mbio za pikipiki

Karakana yangu iko Busia, upande wa Uganda, karibu na steji ya boda. Wiki iliyopita mvulana wa miaka 13 aliniletea Boxer ya mjomba wake, breki ya mbele haishiki. Kabla ya kusimama alitafuta ukingo wa mtaro apate pa kukanyaga, kwa kuwa pikipiki ikiwa wima miguu yake haifiki chini. Nikauliza nani kamruhusu kuiendesha barabarani. Mmoja wa wakubwa waliokuwa wakinywa chai pale stejini akamjibia: "Mwache, fundi. Hata wale wa MotoGP walianza na miaka minne."

Neno hilo nalisikia tangu vijana wetu waanze kutazama kwenye simu MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia. Jumapili hazipiti bila ubishi: fulani ana miaka mingapi, nani kazeeka, nani bado mtoto. Ubishi wenyewe naupenda, na mimi ni mmoja wa wabishi. Lakini ndani yake mna mambo yasiyo kweli, na moja kati ya hayo linawaweka watoto wetu katikati ya malori.

"Mabingwa walianza wadogo, basi huyu naye ajifunzie barabarani"

Nusu ya kwanza ni kweli. Marc Márquez wa Hispania, bingwa wa MotoGP, alipata pikipiki yake ya kwanza akiwa na miaka minne, na wengi wanaotamba leo walianza hivyohivyo. Kinachoachwa ni pikipiki gani, na wapi. Mtoto wa umri huo hupewa kipikipiki cha cc 50 (cc ni kipimo cha ukubwa wa injini), kiti kiko chini, nyayo zote mbili zinagusa ardhi. Huendesha ndani ya uwanja uliofungwa, mzazi akiwa pembeni anamtazama. Hakuna lori, hakuna mbuzi wa kukatiza, hakuna abiria na gunia la mkaa nyuma. Kichwani ana kofia ngumu inayomkaa sawasawa, mikononi glavu, miguuni buti. Mwili ukikua, na pikipiki inakua.

Wala si lazima twende Hispania kuyaona hayo. Garuga, upande wa Entebbe, watoto wa Uganda hukimbia motokrosi, mbio za pikipiki kwenye njia za udongo zenye matuta, kwa madaraja ya cc 50, 65 na 85, kila daraja na umri wake. Ukienda siku ya mashindano utaona mtoto mdogo amevishwa kinga za kifua, magoti na viwiko, kisha mwangalie yule wa kwetu mwenye kandambili.

Nilimwambia yule kijana akae juu ya Boxer, ashike mpini kama yuko safarini, kisha avute breki. Vidole havikufika. Ilibidi kiganja kiachie mpini, mkono usogee mbele, ndipo avute kwa ncha za vidole viwili. Akarudia mara ya pili, ikawa vilevile. Katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, nusu sekunde ya kusogeza mkono ni zaidi ya mita tano, na breki haijaguswa bado. Kwenye vipikipiki vya watoto wenzo wa breki, ule unaovutwa kwa vidole, hutengenezwa ufikike kwa kidole kifupi. Boxer imetengenezwa kwa mkono wa mtu mzima.

"Mwenye kipaji huingia Grand Prix hata akiwa na miaka 15"

Hili lilikuwa kweli, sasa si kweli tena, na sababu ya kubadilika kwake inauma.

Grand Prix ndizo mbio za ubingwa wa dunia: daraja la chini ni Moto3, kisha Moto2, na juu MotoGP. Kwa miaka mingi mlango wake ulifunguka mtu akitimiza miaka 16. Hata hapo waliachiwa nafasi wachache waliotwaa ubingwa wa mashindano ya vijana. Fabio Quartararo wa Ufaransa aliingia Moto3 mwaka 2015 kule Qatar akiwa na miaka 15. Mwaka 2018, Can Öncü wa Uturuki alishinda Moto3 mjini Valencia, mvua ikinyesha, akiwa na miaka 15 na siku 115. Ilikuwa mbio yake ya kwanza kabisa ya Grand Prix, na hakuna aliyewahi kushinda akiwa mdogo kuliko yeye. Loris Capirossi wa Italia ndiye bingwa wa dunia mdogo kuliko wote: cc 125 (daraja lililokuwapo kabla ya Moto3), mwaka 1990, miaka 17 na siku 165. Majina haya ndiyo yanayotajwa stejini.

Majina yasiyotajwa ni haya. Mei 2021, Jason Dupasquier wa Uswisi, miaka 19, alianguka Mugello na akafariki kesho yake. Julai, Hugo Millán, miaka 14, alifariki kule Aragón. Septemba, Dean Berta Viñales, miaka 15, alifariki Jerez. Vijana watatu ndani ya miezi isiyofika minne, na wote watatu, baada ya kuanguka, waligongwa na pikipiki zilizokuwa zikija nyuma.

Hapo pana jambo la kulielewa vizuri. Pikipiki za madaraja ya chini zinalingana nguvu. Hakuna anayeweza kuwaacha wenzake, kwa hiyo kila mmoja hujibana nyuma ya mwingine ili akatiwe upepo, na kundi zima huingia kwenye kona moja kwa wakati mmoja. Anayeanguka katikati ya kundi hilo, walio nyuma yake hawana pa kumkwepea. Suti ya ngozi na mfuko wa hewa uliomo ndani humsaidia sana anayeteleza peke yake hadi kwenye changarawe. Dhidi ya tairi la mwenzake hufanya kidogo mno.

Oktoba mwaka huohuo shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, pamoja na waandaaji wa mbio, walitangaza kwamba kuanzia 2023 umri wa chini wa kuingia Moto3, Moto2 na MotoGP ni miaka 18. Waliofanya vizuri sana katika mashindano ya vijana huweza kukubaliwa wakiwa na 17. Umri wa mashindano ya vijana yenyewe nao ukapandishwa, na idadi ya pikipiki zinazoanza pamoja ikapunguzwa. Wapo waliosema vipaji vitacheleweshwa. Mimi nina mtoto wa miaka 14, na sioni kilichopotea.

"Moto3 ni ya watoto kwa sababu injini ni ndogo"

Injini ni cc 250, ya silinda moja, ila isikudanganye kwa kulinganisha na za kwetu: mashine hiyo hupita kilomita 230 kwa saa. Ujana wa Moto3 unatokana zaidi na kanuni, ambazo zimeweka dari ya miaka 28 ili iwe njia ya kupitia na si mahali pa kukaa. Uzito nao una sehemu yake, kwa kuwa mtu mwepesi hufaidi kwenye injini ndogo. Lakini Ángel Nieto alitwaa ubingwa wa dunia wa cc 125 mwaka 1984 akiwa na miaka 37.

"Ukifika thelathini umekwisha"

Márquez alitwaa ubingwa wa daraja la juu mwaka 2013 akiwa na miaka 20, mdogo kuliko bingwa yeyote aliyemtangulia. Mwaka 2025 akautwaa tena, miaka 32, baada ya misimu ya kuvunjika mkono na kupasuliwa mara kwa mara. Valentino Rossi alishinda Assen mwaka 2017 akiwa na 38, akastaafu na 42. Na ukirudi mwanzoni utawakuta watu wazima hasa: bingwa wa kwanza wa cc 500, daraja la juu la wakati huo, Leslie Graham, mwaka 1949, alikuwa na 37, Hermann-Peter Müller alikuwa bingwa wa cc 250 mwaka 1955 akiwa na 45, Arthur Wheeler alishinda Argentina mwaka 1962 akiwa na 46.

Ninayemkumbuka zaidi ni Joey Dunlop wa Ireland ya Kaskazini. Alikimbia kwenye barabara za kweli, zenye kuta za mawe na nguzo za umeme, katika kisiwa cha Man ambako mzunguko mmoja ni kilomita 60 na ushei. Njia kama hiyo huwezi kuijua kwa msimu mmoja; mtu huijenga kichwani mwaka hadi mwaka, kona baada ya kona, na ndiyo maana huko wenye umri mkubwa hushinda. Juni 2000, akiwa na miaka 48, Dunlop alishinda mbio tatu ndani ya wiki moja. Mwezi uliofuata akafariki kwenye mbio za mvua mjini Tallinn, Estonia. Uzoefu wote ule haukumfanya asife.

"Dereva wa boda mwenye miaka 25 bado anaweza kufika MotoGP"

Hili huulizwa kwa matumaini, nami hulijibu polepole. Hapana. Brad Binder wa Afrika Kusini, Mwafrika aliyefikisha pikipiki kilomita 366.1 kwa saa pale Mugello mwaka 2023, alikuwa tayari kwenye Grand Prix akiwa na miaka 16. Alishinda mbio yake ya kwanza ya MotoGP mwaka 2020, siku mbili kabla ya kutimiza 25, na nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya viwanja, makocha na gharama. Dereva wetu wa miaka 25 ana ujuzi wa aina nyingine, mkubwa, wa kumfikisha mama mjamzito hospitali usiku kwenye barabara mbovu. Akitaka kushindana, kwenye motokrosi yapo madaraja ya watu wazima, hata ya maveterani.

Breki ya Boxer niliitengeneza kwa dakika ishirini: viatu vya breki vilikuwa vimekwisha, waya umelegea. Ufunguo sikumpa kijana. Nilimpigia mjomba wake simu, akaja saa kumi na moja jioni akiwa amekasirika kidogo, nikamkalisha juu ya benchi na kumwambia mpwa wake avute breki tena mbele yake. Alitazama vile vidole vikitafuta wenzo. Hakusema kitu. Alilipa, akawasha, kijana akapanda nyuma, na kofia ngumu aliyovaa nilimwazima mimi.