Kopo la giligilani nje ya mlango, na chumvi inayopungua sufuriani

Mtu akishaambiwa ana presha kinachofuata huwa ni orodha ya makatazo, punguza chumvi, acha mafuta, acha hiki acha kile, anarudi nyumbani anaanza kupikiwa kisufuria chake peke yake, maharage yamechemshwa hayana mbele wala nyuma. Wiki ya kwanza anajikaza, wiki ya tatu anaibia kwenye sufuria la wenzake. Na sio kwamba ni mkaidi, chakula kisicho na ladha hakiliki jamani, hata aliyeandika hiyo orodha hawezi kukila mwezi mzima. Ubaya wake mtu anaanza kukiona chakula kama adui, anakula kwa hofu, akiteleza anajilaumu, alafu anaachia kabisa.

Ndio maana siku hizi sisi wa kitengo cha lishe mgonjwa akija tunamuuliza pia kama ana kopo lolote nyumbani na sehemu inayopata jua, aoteshe majani ya harufu kama giligilani ya kukoleza chakula chumvi ikipungua. Wengine wanadhani tunatania.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo inahesabiwa chumvi yote ya siku nzima, ya kwenye mkate, ya kwenye chipsi, soya sosi, na hasa hivi vidonge vya mchuzi ambavyo sasa hivi hakuna nyumba haina. Hebu chukua pakiti usome nyuma, viambato vinaandikwa kwa kuanzia kilicho kingi, na mara nyingi utakuta cha kwanza kabisa ni chumvi. Sasa mtu anakwambia mimi chumvi nimeshapunguza sana, kumbe anatia vidonge viwili kwenye mchuzi mmoja.

Kitu ambacho watu wengi hawajakishtukia ni kwamba ladha kubwa tunaipatia puani. Ukiwa na mafua makali si unajua hata pilau inakuwa kama makaratasi? Majani kama giligilani (Wakenya dania), nanaa, mrehani na rozmari yana mafuta yake ya harufu ndani ya jani, ukiyakata yanatoka, na ndiyo yanayofanya pua iseme hiki chakula kimekolea hata kama chumvi imepungua. Ongeza na ndimu au limao mwishoni, ule uchachu nao unaziba pengo. Ila usitegemee muujiza wa siku mbili, ulimi uliozoea chumvi nyingi unahitaji wiki kadhaa kuzoea, kwahiyo punguza kidogo kidogo na wote nyumbani wale chakula kimoja, habari ya kisufuria cha mgonjwa iishe.

Sasa mtu atauliza, giligilani si ipo sokoni tena bei ndogo tu, ya nini kuhangaika? Kweli ipo. Lakini unanunua fungu, unatumia kidogo siku ya kwanza, linalobaki linaozea kwenye friji au linanyauka juu ya meza, na kesho yake ukirudi umechoka hutalitafuta, utachukua kidonge cha mchuzi. Kama mmea upo hapo nje unakata matawi mawili unatia, basi. Na kuna jambo lingine naliona kwa watu wanaotuletea mrejesho, mwenye mmea anapika zaidi. Anatafuta sababu ya kuutumia, mara kachumbari, mara samaki wa kuoka na rozmari, mara chai ya mchaichai bila sukari nyingi maana harufu yenyewe inatosha. Watoto ndio kabisa, mtoto anayekataa kila jani sahanini akishamwagilia la kwake mwenyewe utamkuta analitafuna bichi bila kulazimishwa.

Haya, tuje kwenye kuotesha. Ndoo iliyopasuka, dumu lililokatwa, kiroba, vyote vinafaa ila utoboe matundu chini, mimea mingi ya makopo inakufa kwa maji kutuama na sio kwa kiu. Usitumie kopo lililowahi kuwa na rangi au dawa za shambani, hata kama umeliosha. Udongo changanya na samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo, nasisitiza iliyooza, kwa sababu majani haya mengi tunayala mabichi na samadi mbichi inabeba vijidudu. Kopo lipate jua kama masaa 6 kwa siku.

Giligilani ndio inasumbua watu. Mbegu unaweza kuchukua zilezile nzima za kupikia pilau kama sio za zamani sana na hazijakaangwa. Kila punje ndani ina mbegu mbili, kwahiyo iminye taratibu ipasuke, loweka usiku mmoja, panda palepale itakapokulia maana haipendi kuhamishwa, ndani ya wiki moja mpaka mbili utaona imechomoza. Kwa Dar na Tanga joto linaifanya ikimbilie kutoa maua haraka na majani yanakuwa machache, wala hujakosea, ndio tabia yake, wa Lushoto, Njombe au Mbeya hawana hiyo shida sana. Dawa yake iwekee kivuli cha mchana na upande nyingine kila baada ya wiki mbili tatu usiwe unategemea kopo moja.

Nanaa ni rahisi mpaka raha, chukua kijiti cha sokoni, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji mpaka kitoe mizizi, kisha kipande kwenye kopo lake peke yake, ukikichanganya na wenzake kitawafukuza wote. Kitunguu majani kata juu, shina lenye mizizi lirudishe kwenye udongo. Mchaichai nao shina tu, ila upe ndoo kubwa. Mrehani kila ukifika juu kata kile kichwa, juu kidogo ya pale majani mawili yanapotokea, utachanua pembeni. Rozmari haitaki maji mengi kabisa (najua wengi mnaipanda kwa ajili ya nywele, lakini jaribuni na kwenye viazi). Wakija vidukari waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, usipulize dawa kali kwenye kitu utakachokula jioni.

Kwenye kupika, giligilani, nanaa na mrehani tia mwishoni ukishaepua, ukichemsha muda mrefu ile harufu yote inaishia hewani. Rozmari na mchaichai ni vigumu, hivyo tia mapema. Osha majani kwa maji safi yanayotiririka.

Niwe mkweli pia, hivi vijani havitakupa vitamini za maana kwa sababu unakula kidogo, mboga bado utakula ya sahani, mchicha, tembele, kisamvu. Na sio dawa ya presha. Wapo wanaoacha vidonge vya hospitali kisa wanakunywa mchaichai, wanajisikia wazima kwa sababu presha mara nyingi haiumi, usifanye hivyo. Kama unatumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, usianze ghafla kula mafungu makubwa ya majani ya kijani bila kuongea na daktari, vitamini K iliyomo inapunguza nguvu ya dawa, kiasi kidogo cha kawaida kila siku ndio kinachotakiwa. Na mwenye shida ya figo, zile chumvi mbadala za supamaketi zinazoandikwa zina sodiamu kidogo, nyingi zimetiwa potasiamu, kwako ni hatari, usinunue kabla hujauliza kliniki.