Gari Haliwaki: Sikiliza Kwanza, Spana Baadaye

Nikiletewa gari lililogoma kuwaka, swali langu la kwanza ni hili: injini inazunguka au haizunguki? Injini inayozunguka bila kushika na ile isiyozunguka kabisa ni magonjwa mawili tofauti. Ukiyachanganya, utabadilisha vifaa vizima na gari litabaki palepale.

Tuanze na isiyozunguka. Geuza ufunguo, tega sikio. Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, umeme unaoifikia stata (mota inayozungusha injini) hautoshi. Ukisikia "ta!" moja kisha kimya, na taa zimebaki kali, shuku stata au solenoidi yake (swichi ya umeme inayoiunganisha). Ikiwa kimya kabisa na gari ni la otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N, kisha kagua fyuzi na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme).

Kabla hujanunua betri, nakusihi, pima kwa mita ya volti. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6, ikisoma 12.0 chaji karibu imekwisha. Lakini betri iliyochoka nayo huweza kusoma vizuri ikiwa haina mzigo. Kwa hiyo acha mita ikiwa imeshikizwa, mwenzako apige stata. Ikiporomoka chini ya 9.6, ichaji ijae, urudie. Ikiporomoka tena, sasa una sababu ya kuishuku.

Na kama volti zinabaki juu lakini stata inajivuta? Umeme unapotelea njiani, na hapa ndipo naona watu wakitupa betri nzima. Gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, stata ipigwe. Mita ikipita nusu volti, waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na injini) umeoza au vibano vimelegea au vina kutu. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri si wa kupuuzwa. Fungua hasi kwanza, sugua mpaka chuma king'ae, kaza, na hasi iwe ya mwisho kurudishwa.

Ikiwa injini inazunguka vizuri ila haishiki, washa swichi bila kupiga stata. Kwenye magari mengi ya petroli utasikia pampu ya mafuta ikivuma kwa sekunde kama mbili. Usipoisikia, anzia fyuzi na rilei yake. Ikivuma, tazama taa ya ulinzi kwenye dashibodi: ikimetameta, huenda kompyuta haijautambua ufunguo. Plagi na sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) zifuate baadaye.

Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kana kwamba haina kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), acha kupiga stata papo hapo. Huenda mkanda wa taimingi (unaozifanya valvu ziende sambamba na pistoni) umekatika, na kwenye injini nyingi kuendelea kuizungusha kunaweza kugonganisha valvu na pistoni. Fungua kifuniko cha mkanda utazame kabla ya kugusa kingine chochote.