Je, wajua? Kwa nini aliyechoka sana msimu wa sikukuu ndo anasema yuko fiti

Msimu wa sikukuu ukifika, kazini mambo yanakuwa hivi: nusu ya watu wako likizo, wateja wameongezeka, waliobaki wanashika shifti zao na za wenzao, wakirudi nyumbani kuna wageni na sherehe mpaka usiku wa manane. Bosi anapita anauliza "vipi, mmechoka?" anajibiwa "hamna, tuko fiti". Na wengi wao wala hawadanganyi, wanasema wanachokisikia kweli.

Watu wengi wanaamini uchovu unajitangaza wenyewe, kwamba ukizidi mtu atapiga miayo, atalalamika, ataomba apumzike, na asiyelalamika basi mwili wake umeshazoea. Sio hivyo. Mwaka 2003 Hans Van Dongen, David Dinges na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio ambalo watu wazima wenye afya zao waliwekwa maabara, kundi moja linapewa saa 8 za kulala, lingine 6, lingine 4, kila usiku kwa siku 14. Mchana wanapimwa umakini, na kila mara wanaulizwa unasikiaje usingizi. Wale wa saa 6 na wa saa 4 walizidi kuharibu siku hadi siku, na wiki ya pili inaisha hao wa saa 6, ambazo wengi wetu tunaziona za kawaida tu, walikuwa wamefikia kiwango cha mtu aliyekesha usiku mzima. Sasa kichekesho kiko kwenye majibu yao: hisia ya usingizi ilipanda siku chache za mwanzo halafu ikawa kama imesimama, wakati makosa yanaendelea kupanda.

Ni kama mtu aliyekaa muda mrefu kwenye chumba chenye harufu. Dakika za mwanzo inamkera, baadaye haisikii tena, na ukimuuliza atakuapia kwamba chumba hakina shida. Harufu haijaondoka, ila pua imeacha kuripoti, ndo maana anayetoka nje akiingia anashtuka palepale. Aliyepungukiwa usingizi wiki mbili anajilinganisha na alivyokuwa jana, na jana nako alikuwa hoi, kwa hiyo haoni tofauti.

Kuna na ile ya "nitafidia siku ya ofu". Mwaka huohuo 2003 timu ya Gregory Belenky, kutoka taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed, iliwapa watu waliopunguziwa usingizi kwa wiki usiku 3 wa kujilalia saa 8, na bado hawakurudi walipokuwa mwanzo. Kulala kunasaidia, sana tu, ila siku moja haitoshi, halafu ukiamka saa 7 mchana usiku wake usingizi unachelewa kuja na kesho yake unaingia shifti ya asubuhi.

Kahawa nayo tusiisingizie miujiza. Ubongo ukiwa macho unakusanya kemikali inaitwa adenosini, ndo inayoleta usingizi, na kafeini inachofanya ni kuziba sehemu ambazo adenosini ingejishika. Adenosini yenyewe iko palepale inasubiri, na kwa watu wengi nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha jioni kinakula usingizi wa usiku.

Haya ni majaribio ya maabara na watu wanatofautiana sana, wengine wanahimili zaidi. Lakini hata ukikatakata hivyo, linabaki lile tokeo la watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid la 1997: kwenye kipimo chao cha jicho na mkono kufanya kazi pamoja, mtu aliyekuwa macho saa 17 alifanya kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na nchi nyingi hicho ndo kikomo cha dereva. Aliyeamka saa 12 asubuhi anafika hapo saa 5 usiku, hajagusa hata tone.

Kwa hiyo meneja anayesubiri kuambiwa "nimechoka" atasubiri sana. Cha kuangalia ni ratiba: nani kafanya shifti ngapi mfululizo, nani kafunga usiku na ndo huyohuyo anafungua asubuhi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka angalau saa 11 za mapumziko mfululizo katika kila saa 24, na hata pasipo na sheria hiyo kipimo hicho ni kizuri kuazima, japo toa humo muda wa safari, kula na kuoga uone kinachobaki cha kulala. Kazi za hatari au za hesabu nyeti zisipangwe saa 9 mpaka 11 alfajiri, mwili ndo uko chini kabisa, na kama hazikwepeki basi akague mtu mwingine ambaye ndo kwanza ameingia. Kalepe ka dakika 20 wakati wa mapumziko nako karuhusiwe bila kuitwa uvivu, ila mtu apewe dakika kadhaa za kuchangamka kabla hajashika mashine. Na anayetoka shifti ndefu usiku atafutiwe usafiri, asiendeshe mwenyewe, hata kama anaapa yuko fiti.