Skana ya kusikilizia chaneli 16: pima mlingoti kabla ya kuuliza bei

Vikundi vya BMU (vya usimamizi wa fukwe) na wenye boti wakipata fedha kidogo hutujia na swali lilelile: tununue skana gani, yaani redio ya kusikiliza tu inayozunguka masafa mbalimbali, ili tukisikie chombo kilichopata dharura mbali baharini? Wengi huja na picha ya kifaa kwenye simu. Mimi huwauliza kwanza antena yao itakaa mita ngapi juu ya maji.

Chaneli 16 ya VHF (masafa ya redio za vyombo vya baharini), yaani megahezi 156.8, ni ya wito na dharura baharini dunia nzima. Mawimbi yake huenda karibu kama jicho linavyoona. Bahari ikishajipinda, yanapita juu ya kichwa chako. Hesabu yake ni nyepesi. Tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na cha antena ya chombo, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita. Ukisimama ufukweni na redio koli ya mkononi mita 2 juu ya maji, na nahodha naye ana ya mkononi kwenye mashua, mwisho wenu ni kilomita 12 hivi. Pandisha antena yako mlingotini hadi mita 25, yeye abaki vilevile: kilomita 26. Na kwa kuwa eneo hukua kwa mraba, bahari unayoisikia imekuwa kubwa mara tano, kwa kifaa kilekile. Ndiyo maana huwa nawasihi watu wanunue bomba la chuma kabla ya skana.

Waya nao hula sauti. Ule mwembamba wa RG-58, kwa mita 15 tu, hupoteza nusu ya nguvu iliyoingia kwenye antena. RG-213, mnene zaidi, hupoteza karibu robo. Funga viungio vizuri dhidi ya maji ya chumvi, na antena isimame wima, kwa sababu za vyombo husimama wima.

Sasa vifaa vyenyewe. Icom IC-R6 ni ndogo, hutumia betri mbili za AA, na kwa chaneli 16 inatosha kabisa. Uniden SDS100 bei yake ni mamia ya dola, na sehemu kubwa ya fedha hiyo inalipia kufungua mitambo ya kidijitali ya P25 inayotumiwa na polisi na zimamoto wa Marekani. Ndugu akikuletea kutoka huko, ujue kwamba wito wa dharura wa sauti wa VHF baharini ni FM ya kawaida, si ya kidijitali. Uwezo ule hautalisaidia diko lako. Kile kidude cha RTL-SDR, kipokezi cha redio cha kuchomeka kwenye kompyuta, ni cha bei rahisi sana na kinaonyesha masafa kwa macho, ila kikiwa karibu na mnara wa redio ya FM huzidiwa hadi hakisikii kitu, mpaka ukiwekee kichujio. Tena kinataka kompyuta iwake usiku kucha.

Kwa wito wa dharura wa mbali zaidi ya upeo kuna kilohezi 2182. Hapo skana nyingi hukwama: SDS100 huanzia megahezi 25, na IC-R6 hufika chini huko lakini haina SSB, namna ya kurusha sauti inayotumika kwenye masafa hayo, hivyo sauti inatoka kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Hata hivyo, kwa diko ninalolijali, ningeweka redio ya VHF ya baharini ya kufunga, ya wati 25, yenye DSC (mfumo wa kutuma wito wa dharura kidijitali), na vibali vyake kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au, Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano. Skana husikia tu. Redio hii hujibu, na chombo kikibonyeza kitufe chekundu, chaneli 70 hupiga kengele na kuandika kilipo, iwapo kina GPS. Skana iwe sikio la pili, chaneli 16 ikiwekwa kipaumbele, vinginevyo itakuwa inazunguka kwingine wakati mtu anaita.

Ukisikia “Mayday”, wito wa chombo kilicho hatarini, usikimbilie kuongea. Andika saa, jina la chombo, mahali kilipo, idadi ya watu. Kituo cha pwani kikijibu, nyamaza na uendelee kuandika. Kikikaa kimya, na wewe una redio, tamka “Mayday Relay” (kwamba unapeleka wito wa mwingine) mara tatu, jitambulishe, kisha soma ulichoandika, polepole. Kama una skana peke yake, piga simu 112.